Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo la Wanavajo kwa Likasi

Jua likikaribia kuzama katika jangwa la Monument Valley, mpakani mwa majimbo ya Arizona na Utah nchini Marekani, watalii wanaojiendesha wenyewe hugeuza magari na kurudi hotelini. Barabara ya vumbi ya kilomita 27 inayozunguka majabali mekundu hufungwa jioni. Wanaobaki ndani ni wale tu waliofuatana na Mnavajo. Ndiyo sheria ya mahali pale: nje ya barabara hiyo, mabondeni na juu ya milima bapa kama Hunts Mesa, hakuna mgeni anayekanyaga bila mwenyeji wa kumwongoza, na hakuna anayelala bila mwenyeji kuridhia.

Sisi tunaoishi Likasi, mji wa Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tuna sababu ya kuitazama sheria hiyo kwa makini. Kati ya mji wetu na jangwa lile kuna bahari na bara zima, lakini kuna jambo moja zito linalotuunganisha: ardhi yao na ardhi yetu zilitoa urani kwa mradi mmoja wa siri wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wao na sisi tulichimba, tukapumua vumbi, tukabakiwa na mashimo. Baadaye wao wakapata kitu ambacho Likasi haijakipata mpaka leo, yaani uwezo wa kusimama mlangoni pao, kumpokea mgeni, kumpa masharti, na kumsimulia wenyewe yaliyowapata.

Usiku mmoja jangwani

Safari ya kulala jangwani huanza saa chache kabla ya machweo. Kiongozi hujitambulisha kwanza, na utambulisho wake ni somo tosha. Baada ya jina hutaja koo nne: ukoo wa mama yake, ambao ndio wake; ukoo wa baba yake; ukoo wa babu mzaa mama; na ukoo wa babu mzaa baba. Mlamba au Mbemba wa Katanga akiusikia hahitaji kuelezwa, maana kwake pia mtoto ni wa ukoo wa mama.

Njiani husimama kwenye pango kubwa lililo wazi upande mmoja, ambalo upepo na maji vimelitoboa tundu darini. Wageni huambiwa walale chali kwenye mteremko wa mwamba, waangalie juu. Kupitia lile tundu huonekana kipande cha anga kikigeuka rangi kadiri jua linavyoshuka. Kiongozi hupuliza filimbi au hupiga ngoma ndogo ya mkononi na kuimba kwa Kinavajo, na mwamba hurudisha sauti mpaka mtu mmoja anasikika kama kwaya. Hakuna kipaza sauti wala jukwaa, na hakuna anayeweza kukihamisha kitu hicho kukipeleka Las Vegas.

Usiku wenyewe huwa juu ya mlima bapa ndani ya hema, au katika hogan, nyumba ya asili ya magogo na udongo, yenye umbo la duara au pande nane. Mlango wake hutazama mashariki ili jua la asubuhi liingie kabla ya mtu yeyote. Anayeingia huzunguka kwa kufuata mwendo wa jua. Katikati kuna moto, na juu yake tundu la kutolea moshi. Kwenye ziara nyingi mwanamke wa makamo huketi mbele ya kitanda cha mfumi na kuonyesha jinsi sufu ya kondoo inavyochanwa, inavyosokotwa na kutiwa rangi za mimea, hadi kupatikana zulia ambalo humchukua wiki au miezi.

Chakula ni nyama ya kondoo, maharage, mahindi, na mkate uliokaangwa kwa mafuta. Uji wa mahindi ya samawati hutiwa majivu ya matawi ya mti wa jamii ya mtarakwa. Pombe haipo, kwa kuwa imepigwa marufuku karibu kote katika nchi ya Wanavajo, na mgeni hutii. Kisha huja masimulizi, nayo yana majira yake. Hadithi za koyote, mbweha wa jangwani, husimuliwa wakati wa baridi tu. Anayezitaka mwezi Julai huambiwa arudi theluji ikianguka. Magofu ya watu wa kale yaliyomo mapangoni huonyeshwa kwa mbali, kwa sababu Wanavajo hujiepusha na makazi ya wafu. Mgeni huelewa upesi kwamba kuna vya kuuzwa na visivyouzwa, na kwamba anayepanga ni mwenye nyumba.

Haki iliyogharimu

Mamlaka hayo hayakupatikana bure. Mwaka 1864 wanajeshi wa Marekani chini ya Kit Carson waliteketeza mashamba ya korongo la Canyon de Chelly na kukata miti ya mipichi iliyokuwa ikilisha familia. Maelfu ya Wanavajo walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi kambi ya Bosque Redondo, New Mexico. Wengi walikufa njiani, wengi wakafia kambini. Mkate ule wa kukaanga unasimuliwa kuwa ulizaliwa huko, wanawake walipogawiwa unga na mafuta badala ya chakula chao. Mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 ndio uliowarudisha nyumbani.

Leo Taifa la Wanavajo lina eneo la takriban kilomita za mraba 70,000 katika majimbo matatu. Lina rais wake, bunge lake na mahakama zake, na makao makuu yapo Window Rock, Arizona. Mwaka 1931 serikali ya Marekani ilipoitangaza Canyon de Chelly kuwa mahali pa kuhifadhiwa, ardhi ilibaki mali ya Wanavajo, na mpaka sasa zipo familia zinazolima chini bondeni. Mgeni anayetaka kushuka huko hulazimika kuwa na kiongozi Mnavajo. Mwaka 1958 Monument Valley ikawa hifadhi ya Wanavajo wenyewe, ingawa sinema za Hollywood zilikuwa zimeitumia kwa miaka mingi, mojawapo *Stagecoach* ya John Ford, iliyotoka mwaka 1939.

Agosti 1997 mafuriko ya ghafla yaliwaua watalii 11 katika korongo jembamba la Antelope Canyon, karibu na mji wa Page. Siku hizi hakuna anayeingia korongo hilo bila kiongozi aliyeidhinishwa, na kila mgeni hulipa ada ya hifadhi mbali na malipo ya kiongozi. Janga la korona lilipoingia, Wanavajo wakiwa miongoni mwa walioathirika vibaya zaidi Marekani, hifadhi hizo zilifungwa Machi 2020 na kubaki zimefungwa hadi katikati ya mwaka 2021. Majimbo jirani yalikwisha kufungua biashara zamani. Wenyeji waliona uhai wa wazee wao unatangulia mapato, nao ndio walioshika ufunguo.

Hawajafika peponi. Karibu theluthi ya kaya za Wanavajo hazina maji ya bomba. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mkataba wa 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji. Utalii haujaondoa umaskini huo. Uliloleta ni ajira isiyomtoa kijana kwao, pamoja na nafasi ya kuwaeleza walimwengu ukweli.

Mashimo chini ya majabali

Sehemu ya ukweli huo ni urani. Katika eneo lile lile la majabali yanayopigwa picha, na sehemu nyingine nyingi za nchi ya Wanavajo, kati ya mwaka 1944 na 1986 zilichimbwa karibu tani milioni 30 za mawe yenye urani. Migodi zaidi ya 500 iliachwa. Wachimbaji waliingia shimoni bila barakoa, vumbi la baruti likiwa halijatua. Walikunywa maji yaliyotiririka kwenye kuta za mgodi. Walirudi nyumbani na nguo zenye vumbi, wake zao wakazifua pamoja na nguo za watoto. Mawe ya migodini yalijengea nyumba. Hakuna aliyewaambia hatari, hata pale madaktari wa serikali walipokuwa wakiwapima na kuandika takwimu zao.

Saratani ya mapafu ilipoanza kuwamaliza wanaume, wajane ndio waliopita nyumba kwa nyumba wakikusanya majina. Sheria ya fidia ilipitishwa mwaka 1990. Kabla ya hapo, tarehe 16 Julai 1979, kule Church Rock, New Mexico, bwawa la mabaki ya kiwanda cha urani lilikuwa limepasuka na kumwaga tani zaidi ya 1,000 za taka na mamilioni ya lita za maji yenye mionzi katika mto Puerco, ambao wafugaji walinyweshea kondoo. Mwaka 2005 Wanavajo walipitisha sheria ya kupiga marufuku uchimbaji wa urani katika nchi yao. Viongozi wengi wa wageni ni watoto na wajukuu wa wachimbaji hao. Mgeni akiuliza kuhusu vilima vya kijivu vilivyozungushiwa uzio, anayemjibu anajibu habari za baba yake.

Mgeni aliyempa mwenyeji jembe

Kilomita zipatazo 20 magharibi ya Likasi kuna Shinkolobwe. Urani yake iligunduliwa mwaka 1915, na kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliichimba ili kupata radiamu, iliyosafishwa Olen, Ubelgiji. Mawe yake yalikuwa ya ajabu: mengine yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati yale ya jangwa la Wanavajo kwa kawaida hayakufika hata asilimia moja. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, aliagiza tani zipatazo 1,200 zifichwe katika ghala la Staten Island, New York. Baadaye jeshi la Marekani lilikuja kuufufua mgodi uliokuwa umefungwa. Magunia yalisafiri kwa reli hadi Ilebo, yakashuka kwa mashua hadi Kinshasa, yakapanda treni tena hadi bandari ya Matadi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapa kwetu.

Chanzo kingine kilikuwa kaskazini ya Kanada, kando ya ziwa Great Bear, katika nchi ya Wadene, ambao lugha yao ni ndugu ya Kinavajo. Wanaume wao walibeba magunia ya urani mabegani. Mwaka 1998 ujumbe wa Wadene ulisafiri hadi Hiroshima kuwapa pole na kuwaomba radhi walionusurika, ingawa wao wenyewe hawakujua walichokuwa wakibeba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katanga mambo yalipinduliwa: mgeni ndiye aliyemkabidhi mwenyeji jembe, na siku ya kwanza. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga mji wetu na kuupa jina la mmoja wa viongozi wake, Jadot: Jadotville. Viwanda vya Shituru na Panda vikasimama, reli ikapita, shaba na kobalti vikaondoka. Mwaka 1967 mali ile ikawa ya taifa, baadaye ikaitwa Gécamines, nayo ikaporomoka katika miaka ya 1990 pamoja na mishahara, hospitali na shule zilizoitegemea. Sengier alipata nishani ya Marekani mwaka 1946. Nishani haikuwafikia waliochimba kwa mikono, wala sheria ya fidia ya 1990 haiwahusu.

Mashimo ya Shinkolobwe yalizibwa kwa zege kabla ya uhuru, lakini njaa ilipobisha hodi watu walirudi kutafuta kobalti. Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliufunga mgodi kwa amri. Julai mwaka huo huo shimo liliporomoka na kuua watu wanane. Tangu hapo, mtu wa nje akisikia jina la Likasi husikia mojawapo ya mambo mawili: kobalti ya simu na magari ya umeme, au wanajeshi 155 wa Ireland waliozingirwa Jadotville Septemba 1961. Yote mawili husimuliwa na wengine.

Tulicho nacho

Tuna nini cha kumwonyesha mgeni? Tuanze na shaba kabla ya makampuni. Kwa karne nyingi mababu wa eneo hili walikuwa mafundi wa kuyeyusha shaba. Kiangazi kilipoingia na mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, ukoo wote ulihamia machimboni ukiongozwa na fundi mkuu, na miiko ikaanza. Wanaume walichimba mawe ya kijani, wanawake na watoto wakayaosha mtoni na kuyachambua. Makaa yalichomwa msituni. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa vichuguu, vile vichuguu vikubwa ambavyo mgeni huvishangaa kando ya barabara zetu, maana udongo wake unastahimili moto. Mifuo ya ngozi ya mnyama ilivuviwa mpaka shaba ikatiririka na kumiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ililipa mahari na kusafiri masoko ya mbali. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliikuta ikiwa imelazwa juu ya wafu katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale.

Kisha kuna maji. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililokamilika mwaka 1930 kwa ajili ya umeme wa viwanda, lilizaa ziwa Tshangalele. Bonde hilo la Lufira lilitambuliwa na UNESCO mwaka 1982 kuwa eneo la hifadhi ya viumbe hai. Pale Kapolowe alfajiri mitumbwi hurudi na samaki, ndege wa majini wakiifuata, na kabla ya saa mbili bukari, ugali wetu, iko mezani. Mbele zaidi ni nyanda za juu za Kundelungu, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, ambako maporomoko ya Lofoi huanguka zaidi ya mita 300 bila kukatika. Upemba, iliyotangulia mwaka 1939, ndiyo yenye pundamilia wa mwisho wa nchi yetu. Usiku wa Juni juu ya nyanda hizo ni baridi kweli kweli, na nyota hazina mpinzani.

Yafanyike nini

Kuna mifano jirani. Il Ngwesi, huko Laikipia nchini Kenya, ni nyumba ya wageni ya Wamaasai wenyewe iliyofunguliwa mwaka 1996 katika ardhi yao. Rwanda tangu mwaka 2017 hurudisha asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa vijiji vinavyozizunguka. Likasi inaweza kuanza na kidogo kuliko hivyo: usiku mmoja Kapolowe, kwa wavuvi, na tanuru moja la shaba linalowashwa kiangazi na wazee wanaokumbuka walichosimuliwa na babu zao.

Masharti yaandikwe kabla ya mwekezaji wa kwanza kufika. Kiongozi awe mtu wa mahali, aliyefunzwa na kuidhinishwa na uchifu pamoja na jimbo. Ada ijulikane na ibandikwe ukutani, na mgawanyo wake usomwe hadharani. Machifu na akina mama wakae pamoja waamue kipi kinaonyeshwa na kipi ni siri ya ukoo. Shinkolobwe isifanywe kituo cha utalii. Ni hatari na ni marufuku. Lakini habari zake zisimuliwe katika kila ziara, mbali na shimo, na watu ambao wazee wao walifanya kazi pale. Upemba na Kundelungu zimepitia miaka ya makundi yenye silaha na ujangili, hivyo hakuna mgeni wa kupelekwa huko bila walinzi wa hifadhi kuthibitisha usalama wa njia.

Fedha za kuanzia zipo kisheria. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa serikali za mitaa kunakochimbwa, na inazitaka kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya jamii. Sehemu ndogo ya hizo inatosha kufunza vijana ishirini, kununua majaketi ya kuokolea majini na kuchonga barabara ya kwenda ziwani. Madini yatakwisha, hata wachimbaji wanalijua hilo. Kijana anayelipwa kwa kumwongoza mgeni kando ya Lufira ana sababu ya kutochoma miombo kuuza makaa, na ana sababu ya kumuuliza bibi yake habari za zamani kabla bibi hajaondoka nazo.

Kiangazi chetu huanza Mei na kwisha Septemba. Muda wa kuketi na wazee wa Kapolowe, machifu wa Wasanga, meya wa Likasi na mameneja wa migodi kabla ya kiangazi kijacho unatosha. Wanavajo walianza baada ya kufukuzwa, kurudi na kuugua, wakiwa na ardhi kavu isiyoota mengi. Sisi tuna mto, ziwa, shaba na watu wanaojua kukaribisha. Kinachobaki ni kwamba safari hii mwenyeji awe ndiye anayesimama mlangoni, na mgeni akija, mwenyeji apone kweli.